Njia Ikifunguka, Udhuru Unafungwa



Ndugu zangu katika imani, maneno ya leo ni marefu kidogo. Anayesoma akiwa kazini ayahifadhi, ayasome jioni akiwa ametulia.

Kuna kisiwa kinaitwa Saint Helena, katikati ya bahari ya Atlantiki, upande wa pili wa bara letu hili la Afrika. Urefu wake ni kama kilomita 16, upana kama 8. Watu wake ni kama 4,500 tu, yaani wote wakiingizwa uwanja wa Amaan, wazee kwa watoto, viti vingi vitabaki vitupu. Kutoka hapo hadi pwani ya Angola na Namibia ni karibu kilomita 1,900 za maji matupu. Hakuna kisiwa cha kupumzikia njiani.

Wengi mkilisikia jina hilo mnamkumbuka Napoleon wa Wafaransa, ambaye Waingereza walimpeleka huko mwaka 1815 na akafia huko huko mwaka 1821. Sisi watu wa Pwani tuna mtu wetu wa kumkumbuka. Sayyid Khalid bin Barghash, mtoto wa yule Sayyid Barghash aliyejenga Beit al-Ajaib, alikaa kwenye kiti cha Zanzibar siku mbili tu, Agosti 1896, mpaka manowari za Waingereza zilipolipiga kasri kwa muda usiofika saa moja. Akakimbilia ubalozi wa Wajerumani, wakamvusha hadi Dar es Salaam, akakaa huko miaka ishirini. Vita Vikuu vya Kwanza vilipofika Afrika Mashariki Waingereza wakamkamata, na wakampeleka Saint Helena. Alikaa huko hadi 1921, akahamishiwa Shelisheli, na mwishowe akaruhusiwa kurudi upande wetu. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Allah amrehemu.

Na hakuwa peke yake. Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, alishikiliwa huko kuanzia 1890 hadi 1897. Maelfu ya Makaburu waliotekwa vitani walipelekwa kati ya 1900 na 1902. Hata watu watatu wa Bahrain, viongozi wa harakati za kudai haki za raia, walihukumiwa mwishoni mwa 1956 wakasafirishwa hadi kwenye jabali hilo, na hawakuachiwa mpaka 1961, baada ya mahakama kuona kwamba kushikiliwa kwao hakukuwa halali.

Jiulize kwa nini wote hao walipelekwa mahali pamoja. Jibu ni jepesi: hapakuwa na njia ya kutoka. Huhitaji ukuta mrefu wala askari wengi. Bahari inatosha.

Sasa tuje karibu na zama zetu. Mpaka juzi tu, mtu akitaka kwenda Saint Helena alipanda meli moja iitwayo RMS St Helena, iliyoanza kazi mwaka 1990. Kutoka Cape Town ilikuwa siku tano baharini, na ilipita kama mara moja kila wiki tatu. Meli hiyo ilibeba kila kitu: barua, unga, matofaa, gari la mtu, bibi harusi, na jeneza. Mkaazi wa kisiwa akikosa meli ya leo, anasubiri ijayo. Akiwa na jino linalouma na daktari hana dawa yake, anasubiri. Akiwa Uingereza na akaambiwa baba yake hali si nzuri, anaanza kuhesabu: meli iko wapi sasa hivi, imeondoka au bado, nikifika Cape Town tarehe hiyo nitaikuta? Na mara nyingi hesabu haikutimia.

Serikali ya Uingereza, ambayo kisiwa kiko chini yake, ikaamua kujenga uwanja wa ndege. Mkataba ulisainiwa mwaka 2011. Gharama ilikuwa kama pauni milioni 285. Kisiwa ni milima mitupu, hakina tambarare ya maana, kwa hiyo ilibidi wajaze bonde zima kwa mawe na udongo, mamilioni ya mita za ujazo, ili wapate pa kulaza njia ya kurukia ndege. Kazi ya ajabu kwa kweli, na wahandisi wake wanastahili sifa yao.

Uwanja ulitakiwa ufunguliwe Mei 2016 kwa sherehe kubwa. Ndege kubwa ya majaribio ikaja mwezi Aprili, na rubani akakutana na jambo ambalo halikuwekwa kwenye hesabu: upepo. Uwanja uko juu ya jabali, na pale ukingoni upepo unabadilika kasi na mwelekeo ghafla, ndege ikiwa inakaribia kugusa ardhi. Sherehe ikaahirishwa. Magazeti ya Uingereza yakaubandika uwanja huo jina la uwanja usio na faida kuliko vyote duniani, na kamati ya bunge lao ikailaumu wizara kwamba hilo la upepo lilipaswa kuonekana mapema. Kinachonichekesha, na kunisikitisha, ni kwamba Charles Darwin alipita kisiwa hicho mwaka 1836 na akaandika kuhusu upepo wa ajabu kwenye ukingo wa jabali: hatua chache mbele ndege wa baharini wanapigana na upepo mkali, na pale aliposimama yeye kumetulia kimya. Miaka 180 kabla. Na wavuvi wa pale bila shaka walijua kabla ya Darwin. Sisi tumefundishwa shura. Ukitaka kujenga kwenye kisiwa cha watu, anza kwa kumuuliza mzee anayeanika nyavu. Nimeona bandari ndogo na masoko yetu huku yamejengwa mahali ambapo kila mwenyeji alijua maji yanapanda, na hakuna aliyemuuliza.

Basi walitafuta ndege ndogo zaidi inayoweza kuumudu upepo ule. Tarehe 14 Oktoba 2017 ndege ya shirika la Airlink la Afrika Kusini, aina ya Embraer, ilitua na abiria wa kwanza wa safari ya kawaida ya kibiashara. Ndege yenye viti karibu mia, lakini kwa sababu ya upepo na uzito waliuza viti 76 tu. Mara moja kwa wiki, Jumamosi, kutoka Johannesburg. Safari ya siku tano ikawa kama saa sita pamoja na kusimama njiani. Februari 2018 meli ile ikaondoka Jamestown kwa mara ya mwisho. Wenyeji walishuka ufukweni kuiaga, na wengi walilia.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Tusiwacheke waliolia. Na pia tusijifanye tunaipenda meli kuliko inavyostahili. Sisi watu wa visiwani hatuna haki ya kuipamba safari ya baharini. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, na Julai 2012 MV Skagit ikafuata, na hakuna mtaa Unguja wala Pemba uliokosa maiti au aliyepotea. Kuna nyumba mpaka leo hazijui zimuombee marehemu wao akiwa kaburi gani. Anayewaambia kwamba zamani kulikuwa na utulivu na udugu melini, mwambieni ni kweli, na mwambieni pia kulikuwa na kuzama.

Kwa hiyo ndege ni neema. Kwa Saint Helena neema ya kwanza ilionekana kwa wagonjwa, tena kabla hata safari za kibiashara kuanza. Mwaka 2016, uwanja ukiwa bado unachekwa magazetini, ndege ndogo ya wagonjwa ilitua na kumtoa mgonjwa. Mtu ambaye zamani angesubiri meli siku kadhaa kisha akae baharini siku tano, sasa anafika hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Kama uwanja wote ule wa pauni milioni 285 ungeokoa mama mmoja mjamzito na mtoto wake, mimi sitasimama mbele ya Mola wangu nikasema ulikuwa upotevu. Wahasibu na waseme lao.

Lakini neema huja na maswali yake, na swali la kwanza la uwanja huu lilitoka chini ya ardhi.

Mwaka 1840 Waingereza walikuwa wameweka mahakama pale Saint Helena ya kuhukumu merikebu za watumwa walizozikamata baharini. Biashara ile ilikuwa imepigwa marufuku lakini watu bado walikuwa wanachukuliwa kutoka Angola na Kongo kupelekwa Brazil na Cuba. Merikebu ikikamatwa, watu walioko ndani waliteremshwa Saint Helena. Kwa miaka thelathini na kitu waliteremshwa zaidi ya watu 25,000. Fikirini hali waliyokuwa nayo. Waliteremshwa wakiwa wamekonda, wana ndui, wana kuhara damu, wengine wamekufa kabla ya kugusa nchi kavu. Kama 8,000 walizikwa kwenye bonde moja kame liitwalo Rupert's Valley, bila majina, baadhi wakiwa wamerundikwa kaburi moja.

Miaka ikapita, watu wakajua kuna makaburi lakini hayakuwa na alama. Ulipokuja mpango wa uwanja wa ndege, barabara ya kutoka bandarini kwenda uwanjani ilitakiwa ipite bonde lile. Mwaka 2008 wataalamu wakachimba sehemu ya njia hiyo na wakatoa mifupa ya watu 325. Wengi wao walikuwa watoto na vijana. Mifupa ikatiwa kwenye maboksi, maboksi yakawekwa ghalani Jamestown.

Yakakaa humo mpaka Agosti 2022.

Miaka 14, ndugu zangu. Uwanja ukajengwa, ndege ikaja, watalii wakapiga picha na kobe Jonathan (huyo ni kobe mzee aliyeletwa kutoka Shelisheli mwaka 1882 na inakadiriwa amezaliwa 1832 hivi, kwa hiyo alikuwa kisiwani siku Sayyid Khalid anashuka melini, subhanallah), na muda wote huo wale waliotolewa kwenye makaburi yao ili njia ipite walikuwa kwenye maboksi. Aliyeshika suala lao kwa nguvu ni mama mmoja wa Namibia, Annina van Neel, aliyekwenda kisiwani kufanya kazi kwenye mradi huo huo wa uwanja. Yeye na wenyeji wakadai wazikwe kwa heshima na wakumbukwe. Filamu ya habari imetengenezwa kuhusu jambo hilo. Hakuwa ndugu yao kwa nasaba. Lakini alikataa kuzoea.

Najua baadhi yenu mtaniuliza: Sheikh, hao walikuwa Waislamu? Sijui, na swali hilo halinisumbui. Ni wana wa Adam. Mtume wetu (s.a.w.) alisimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoulizwa akawakumbusha maswahaba kwamba huyo naye ni nafsi. Heshima ya maiti katika dini yetu ni kubwa kiasi kwamba mafakihi wamekataza kulifukua kaburi ila kwa dharura inayokubalika, na likifukuliwa kwa dharura, aliyetolewa azikwe upya mara moja kwa staha. Ghala si kaburi.

Na hili linatuhusu hapa kwetu. Barabara zinapanuliwa, viwanja vya ndege vinarefushwa, hoteli zinajengwa, na mara kwa mara tunasikia makaburi ya mahali fulani yatahamishwa. Mimi sipingi barabara. Nasema kamati ya msikiti isikubali kusaini karatasi ya kuhamisha makaburi mpaka iwe imeona kwa macho shimo jipya lilipo, nani atawahamisha, siku gani, na wenye marehemu wamejulishwa. Fidia ya shilingi kadhaa kwa kila kaburi isiwe ndiyo mazungumzo yote. Maiti hana mdomo wa kulalamika, na wewe mwanakamati ndiye umeshika mdomo wake.

Turudi kwa walio hai.

Watu wa Saint Helena wana shida ambayo Mpemba, Mmafia na Mngazija ataielewa bila kufasiriwa: vijana wao wako nje. Sheria ya mwaka 1981 iliwanyima uraia kamili wa Uingereza, mwaka 2002 wakarudishiwa, na milango ilipofunguka tu wengi wakaondoka kwenda Uingereza kufanya kazi. Wengine wako Ascension, wengine visiwa vya Falkland. Kisiwani wakabaki wazee, na watoto wanaolelewa na bibi zao, baba na mama wanatuma pesa kila mwezi. Je, hilo halikuhusu wewe unayesoma ukiwa Muscat, Dubai, Leicester, Toronto?

Kwa mtu wa Saint Helena aliyeko Uingereza, zamani kutofika kwake nyumbani kulikuwa na udhuru. Likizo yake yote ingeliwa na bahari. Mwajiri gani anakupa wiki nne au tano? Mama yake alijua, jirani walijua, hakuna aliyemlaumu. Mola ni mjuzi wa udhuru wa waja wake. Tangu Oktoba 2017 udhuru huo umepungua sana. Nauli bado ni ghali na ndege ni chache, lakini mlango upo, na likizo ya wiki mbili inatosha.

Sisi mlango wetu ulifunguka zamani sana. Muscat hadi Unguja ni saa tano na kitu. Unguja hadi Chake Chake kwa ndege ndogo ni kama nusu saa, umekaa tu mkanda haujakubana vizuri unaambiwa mnashuka. Babu zetu walikaa miezi wakisubiri kaskazi na kusi ili waende na warudi Arabuni, na walikwenda na kurudi! Wakaleta tende na hina na habari za jamaa. Leo yuko mtu ana miaka saba hajamuona mama yake, na ukimuuliza anasema nauli.

Simsemi asiye na makaratasi, ambaye akitoka hawezi kurudi kwenye kazi inayolisha watu kumi. Huyo Mola anamjua. Simsemi mfanyakazi wa ndani ambaye pasi yake ya kusafiria imeshikwa na tajiri wake. Huyo amedhulumiwa, na ni wajibu wetu kumsaidia. Namsema yule ambaye mama akifa atakuwa kwenye ndege usiku huo huo. Nauli ya msiba tunaipata. Tunakopa, wenzetu wanachanga kwenye kundi la WhatsApp, ndani ya saa nne tiketi imelipwa. Nauli ya kumtazama mama akiwa hai, akiwa anaweza kukupikia na kukutania na kukusema mbele ya mke wako, hiyo haipatikani miaka saba.

Na huyo anayepanda ndege usiku wa msiba anakwenda wapi? Dini yetu inatuhimiza kuharakisha kuzika, na watu wa visiwani tunaharakisha kweli kweli. Amefariki alfajiri, baada ya adhuhuri au alasiri amezikwa. Ndege iwe na kasi gani, haitaiwahi jeneza linalobebwa mabegani kutoka msikitini hadi makaburini, ambapo si mbali zaidi ya mwendo wa dakika kumi. Utafika, utakuta kaburi bichi. Utalia. Utalipa ubani na utachinja. Vyote hivyo vina mahali pake, lakini mama hakukuona.

Yule bwana aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) akitaka kutoka kwenda vitani aliulizwa kama wazazi wake wako hai, na alipojibu ndiyo, akarudishwa kwao akawahudumie. Vita, ndugu yangu! Kama vita vilisubiri, zamu yako ya mwezi wa nane inaweza kusubiri.

Kwa hiyo mimi nina ombi la wazi, na naomba mlifanyie kazi kuliko kulipigia kidole gumba hapo chini. Nyinyi mlioko nje mna vikundi vya kufa na kuzikana. Ni jambo jema sana. Ongezeni mfuko wa pili, wa kuonana. Kila mwezi mmoja apewe nauli aende kumuona mzazi aliye hai, kwa zamu, kama upatu. Anzeni na yule ambaye mzazi wake ni mgonjwa au ndiye mzee kuliko wote. Wanaume msijipendelee, mabinti walioolewa ughaibuni nao wana mama, na mara nyingi wao ndio hawajafika muda mrefu zaidi kwa sababu likizo zote zimekwenda kwa wakwe.

Na ukifika, kaa. Hili nalo ndege imelibadilisha. Zamani mgeni wa Saint Helena hakuweza kuja siku tatu. Meli imekuleta, meli imekwenda, basi wewe ni wa kisiwa mpaka irudi. Utakula kwa huyu, utalala kwa yule, utakwenda makaburini kuwazuru waliotangulia, utamaliza kesi ya shamba iliyokwama, utachoka hata kuongea, mtakaa tu barazani mnatazama njia. Na wakaazi wenyewe waliokuwa wakirudi husema ulikuwa umefika nyumbani tangu ulipokanyaga daraja la meli Cape Town, kwa sababu siku zote tano uko na watu wa kwenu, mnaulizana fulani amezaa, fulani amefilisika. Ulipoteremka ulikuwa umeshajua umzuru nani kwanza. Sasa mtu anashuka Jumamosi, Jumamosi nyingine anaondoka, na kwetu ndiyo zaidi: anakuja siku nne, mbili yuko benki na ardhi, moja yuko pwani anapiga picha, moja yuko kwa mama, simu mkononi.

Silaumu ndege kwa hilo. Ndege imetupa siku tano za bahari, na siku hizo tano tungeweza kumpa mama. Tumezipa nini?

La watalii nitalipita haraka, maana si ndilo lililonileta. Waliojenga uwanja walitarajia wageni karibu 30,000 kwa mwaka ifikapo 2042, na mpaka sasa wanaofika ni elfu chache tu. Wengine wanaliita hilo kushindwa. Mimi ningekuwa mzee wa kisiwa chenye watu 4,500 ningesema alhamdulillah, tumepewa muda wa kufikiri. Nungwi na Paje hatukupewa. Waulizeni wenyeji wa huko kiwanja cha mbele ya pwani aliuza nani, kwa bei gani, na wajukuu zake sasa wanapita wapi kwenda kuvua.

Limebaki la sala, maana najua maswali yatakuja.

Kuna anayesema safari ya meli ya siku tano ndiyo iliyostahili kupunguzwa sala, na huyu wa saa sita kwenye kiti laini anapunguza kwa mashaka gani? Jibu: hukumu ya kupunguza imefungwa na safari yenyewe. Haikufungwa na uchovu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata hapa Pwani, ukikusudia safari ya halali yenye mwendo wa marhala mbili, ambazo wanazuoni wa sasa wanazikadiria kilomita 80 na kitu, unapunguza sala za rakaa nne, ukate masafa hayo kwa siku mbili au kwa dakika ishirini. (Wa Unguja na Dar es Salaam wamuulize sheikh wao wa karibu, hapo pana mazungumzo.) Ni sadaka ya Mola, na sadaka hairudishwi kwa sababu leo hukuchoka. Usianze kupunguza ukiwa bado nyumbani kwako. Anza ukishatoka kwenye mji wako.

Ukiwa angani na wakati wa adhuhuri umeingia, na unajua utatua kabla ya jua kuzama, unaweza kunuia kuichelewesha ukaikusanya na alasiri ukishatua. Sala ya alfajiri haikusanywi na kitu. Hiyo isali humo ndani, simama ukiweza, elekea kibla kwa kadiri unavyoweza, na muombe mhudumu kwa adabu akupe nafasi. Na mwenye kufunga anayeruka kuelekea magharibi, kama huyu wa Johannesburg kwenda Saint Helena ambako saa ziko nyuma kwa mbili, asifuturu kwa saa ya alikotoka. Afuturu jua linapozama pale alipo, hata kama siku itarefuka.

Na kuna hili la mwisho, ambalo linatokea kweli. Upepo wa Saint Helena ukikataa, ndege inarudi bara, na abiria wanalazwa hoteli hadi hali itulie. Anapunguza mpaka lini? Hata anayekwama Unguja akisubiri ndege ya Pemba siku za mvua za masika ana swali hilo hilo. Ukiwa umenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, basi kwa Shafi unakamilisha sala tangu unapofika. Lakini kama hukunuia kukaa, kila asubuhi unaambiwa huenda tukaondoka leo, na wewe begi lako liko mlangoni, basi wewe bado msafiri: unapunguza mpaka siku 18, na zikipita hizo unakamilisha.

Wallahu aalam. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.